Mishono yangu yote imekuwa kama ya kila mtu. Je, kipaji kimeisha?

*"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 28, nashona nguo za kike hapa Tanga, Ngamiani, huu ni mwaka wa nne. Nilipoanza nilikuwa nabuni mwenyewe na watu wakinisifu. Siku hizi kila usiku napekua picha Pinterest na Instagram mpaka saa saba, nahifadhi picha chungu nzima, lakini nikisimama kwenye meza ya kukatia kinachotoka ni kile kile anachoshona fundi wa mtaa wa pili. Wateja nao wanakuja na picha kwenye simu: 'Nishonee hivi hivi.' Rafiki yangu alikwenda Istanbul kufuata mzigo, amerudi na mawazo tele, mimi nauli hiyo sina. Vitabu vya mitindo nilivyovipata ni vya Wazungu watupu. Nilitaka kutumia nakshi za milango ya Zanzibar kwenye tarizi, nikaogopa kuambiwa nimeiba. Je, kipaji changu kimeisha? Na mtu asiye na pesa ya kusafiri atapata wapi mawazo mapya?"*

Marahaba, mdogo wangu. Naona hofu tatu katika barua yako: kwamba kipaji kimekwisha, kwamba mawazo yapo mbali na nauli ndiyo inayokuzuia, na kwamba ukigusa kitu cha kale utaitwa mwizi. Nianze na ya kwanza, maana ndiyo iliyokusukuma kuandika. Hapana, hakijaisha. Aliyeishiwa haoni kwamba kazi yake imefanana na ya jirani. Wewe unaona, tena inakuuma. Jicho lako bado liko kazini. Tatizo ni kile unacholilisha.

Wengi wanaamini kwamba ukiona picha nyingi utapata mawazo mengi. Kwa mtu anayebuni, mara nyingi inakuwa kinyume chake, na jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, David Jansson na Steven Smith, walichapisha majaribio waliyowafanyia wabunifu wa uhandisi. Baadhi yao walipewa maelezo ya kazi peke yake. Wengine walipewa maelezo yale yale pamoja na mchoro wa mfano. Kazi mojawapo ilikuwa kubuni kikombe cha kahawa kisichomwagika, na maelezo yalikataza kutumia mrija. Mchoro wa mfano ulikuwa na mrija. Waliouona mfano ule wakachora mirija zaidi kuliko wenzao, na katazo wamelisoma. Yaani mfano uliokwisha kukamilika uliwashika mikono hata pale walipokatazwa wazi kile kilichomo ndani yake.

Sasa fikiria usiku wako. Picha ya gauni lililokwisha kushonwa inakuja na maamuzi yote yamefanywa: shingo, urefu wa mkono, mahali pa kuweka marinda, rangi ya bitana. Maamuzi hayo aliyafanya mtu mwingine kwa ajili ya mwili mwingine, kitambaa kingine na hali ya hewa nyingine. Ukitazama picha hizo kwa saa nne unajaza kichwa majibu ya maswali ambayo wewe hukuuliza. Ongeza na namna mitandao hiyo inavyofanya kazi: ukisita kwenye picha moja, inakuletea zinazofanana nayo, na fundi wa mtaa wa pili aliyesita kwenye picha ile ile analetewa hizo hizo. Mnakula sahani moja bila kujuana, halafu mnashangaa mnanukia mchuzi mmoja.

Kuhifadhi picha nako kunadanganya. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Linda Henkel, aliwatembeza watu kwenye jumba la makumbusho, vitu vingine akiwaambia wavipige picha, vingine wavitazame tu. Vile walivyovipiga picha nzima walivikumbuka kwa uchache zaidi. Lakini waliposogeza kamera karibu na sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu haikupungua. Hilo la mwisho lishike, nitalirudia.

Sikuambii ufute Pinterest. Wateja wako wanaishi humo na ni lazima ujue wanachokitaja. Ninachokuomba ni kubadili mpangilio: kwanza tazama kitu chenyewe, kisha chora, kisha kata karatasi au kitambaa cha majaribio, na picha za watu ndizo ziwe za mwisho, tena kwa swali mahususi, kwa mfano namna wengine walivyotia zipu kwenye mshono wa aina hiyo.

Kitu gani? Anza na mkeka. Mkeka wenyewe, ule anaoutandika mama sebuleni. Kaa nao nusu saa na penseli, simu uiache chumba kingine. Kwanza utaona rangi. Endelea kutazama. Utaona kwamba mkeka haukusukwa ukiwa na upana ule: ni ukili mwembamba, yaani utepe uliosukwa kwa chane za majani ya miyaa au ukindu, kisha ukashonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukapata upana. Fuata mshono mmoja kwa kidole. Pale ukili unapokutana na mwenzake, nakshi mara nyingi haikutani sawasawa. Meno mekundu yameshuka nusu hatua, kwenye mshono unaofuata yameshuka tena, na mkeka mzima umepata mwendo wa mshazari ambao hakuna aliyekaa akauchora. Umetokana na namna mkeka ulivyoungwa. Pindua upande wa chini uone chane zilikoanzia na zilikokatiwa. Tazama ukingo wa nje ulivyokunjwa ili usifumuke.

Hapo maswali yanaanza kuja, na ni maswali ya fundi. Nikikata kitenge vipande vyembamba vya wima, nikaviunga tena huku kila kipande nimekishusha inchi moja, je, sketi itapata mwendo ule? Ukijaribu utajua haraka kwamba mshono unakula kitambaa: ukiacha sentimita 1.5 kila upande, vipande 12 vinavyozunguka kiuno vinakupunguzia sentimita 36. Tena mishono 12 ya kitenge kizito kilichopigwa ovaloki inakakamaa, sketi inasimama kama haina mtu ndani. Kwa hiyo ama upunguze vipande, ama utumie pamba nyepesi, ama uamue kwamba mishono ionekane nje na ukakamavu ule uwe ndio mtindo. Mambo haya hayapo kwenye picha yoyote uliyohifadhi, na fundi wa mtaa wa pili hana njia ya kuyaiga kabla hujayashona.

Usiniambie hujui kuchora. Mchoro huu si wa kumwonyesha mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha mwaka 2016 kwamba watu hukumbuka zaidi neno walilolichorea picha kuliko lile waliloliandika tu, hata kama mchoro ni wa haraka. Mkono unapochora unalazimika kuamua mstari unapita wapi, na hapo ndipo unapogundua kwamba ulikuwa huoni. Ukilazimika kupiga picha, fanya kama wale wa makumbusho: sogea karibu, piga kona moja tu.

Sasa nauli. Safari inasaidia kweli. Mahali pa ugeni macho hayana mazoea, kwa hiyo yanatazama kila kitu, kuanzia kitasa cha mlango mpaka namna muuza matunda anavyopanga machungwa. Rafiki yako hakudanganya. Ila kinachofanya kazi hapo ni ule utazamaji, na huo haugongwi muhuri kwenye pasipoti. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walilinganisha watu waliotoa mawazo wakiwa wameketi na waliotoa mawazo wakitembea. Waliotembea walitoa mengi zaidi, hata wale waliotembea ndani ya chumba, juu ya mashine, mbele ya ukuta mtupu. Barabara za namba za Ngamiani zina mengi kuliko ukuta ule.

Na wewe uko Tanga! Panda daladala ya Muheza, ushuke kunako mashamba ya mkonge. Mistari ile iliyopandwa kwa kamba inafungana na kufunguka kadiri gari linavyokwenda, na palipo na kiwanda utaona singa, yaani nyuzi za mkonge, zimeanikwa juani, nyeupe inayoelekea manjano, zikining'inia kwa uzito wake. Tazama zinavyokunjika pale zinapokaa juu ya waya: zimebana juu, zimetawanyika chini. Hayo ni marinda tayari, na rangi ile ya singa mbichi ukiiweka karibu na kijani cha vumbi cha majani yake unapata jozi ambayo sijaiona kwenye duka lolote la vitenge. Mmea wenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni Mexico, na Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Hata lile umbo la korosho kwenye kanga ya bibi yako limesafiri kutoka Uajemi na India kabla ya kutulia kwetu. Sehemu kubwa ya safari unayoitamani imekwisha kufika nyumbani kwako, inangoja kutazamwa.

Usifikiri hili ni la maskini peke yao. William Morris wa Uingereza, aliyekuwa na uwezo wa kwenda atakako, alitoa mojawapo ya vitambaa vyake mashuhuri kabisa, "Strawberry Thief" cha mwaka 1883, kwa kuwatazama ndege waliokuwa wakiiba stroberi kwenye bustani ya nyumba yake ya Kelmscott. Sonia Delaunay, mzaliwa wa Ukraine aliyeishi Paris, mwaka 1911 alimshonea mwanawe mchanga blanketi la viraka kama yale aliyoyaona kwa wanakijiji wa kwao, na viraka vile vikamfungulia njia ya rangi aliyoifuata maisha yake yote kwenye uchoraji na mavazi.

Ukipata fedha kidogo, nenda Pangani au Bagamoyo, na siku moja Mji Mkongwe. Lakini nenda na swali moja tu. Mimi hupenda swali la kona: vitu vinamalizikaje kwenye kona? Pindo la kanga linageukaje pale pembeni, fremu ya mlango inageukaje, zulia la msikitini je? Swali moja linakuzuia kurudi na picha mia nane ambazo hutazifungua tena.

Kuhusu vitabu, umeudhika kwa haki. Vingi vinavyouzwa kama vitabu vya mitindo vinaonyesha nguo za Paris na Milan, nazo ni majibu yale yale ya watu wengine. Ila kosa ni kudhani kwamba mbunifu wa mavazi ni lazima asome vitabu vya mavazi. Soma tenzi zetu kwa jicho la fundi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inahusu dunia inavyopita na inavyodanganya, na ukiisoma kwa moyo itakugusa kwa hilo kwanza. Lakini rudi tena na penseli: ndani yake mna majumba ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, yenye taa za kioo na za shaba, vyombo vya sini vya kuteuliwa, vikombe vyenye nakshi, kisha magofu yale yale, na madaka, yaani vishubaka vya ukutani, yaliyopangwa sahani sasa yana makinda ya ndege. Sahani ndani ya kidaka, kidaka ndani ya ukuta mweupe wa chokaa, safu juu ya safu. Mtu anaweza kutoa mgongo wa gauni hapo. Au msome mshairi Mwana Kupona anavyomwusia binti yake kuhusu pete, hina na wanja. Mwandishi hakukupa picha, na hilo ndilo linalokufaa: ni lazima uichore mwenyewe, na utakayoichora haitafanana na ya mwingine. Maktaba ya mkoa haina nauli ya ndege.

Nije kwenye milango. Nakshi za mafundi wa zamani waliokwisha kufa, ambao hata majina yao hayajulikani, ni urithi wetu sote, na kuzichora si wizi. Kitu kingine kabisa ni kunakili mchoro wa msanii aliye hai, au kanga iliyotoka kiwandani msimu huu. Hiyo ni kazi ya mtu, na ukitaka kuitumia unamwendea kwanza. Panapohitaji uangalifu zaidi ni vazi au alama ambayo jamii hai inajitambulisha nayo. Kwa msimu wa kiangazi wa 2012, Louis Vuitton walitoa nguo za kiume zenye miraba ya shuka za Kimasai, na suala la Wamasai kutambuliwa na kulipwa kwa mali yao ya kiutamaduni limeendelea kusemwa tangu hapo. Kenya mwaka 2016 ilipitisha sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Kwa kazi zako mwenyewe, na kwa shaka yoyote juu ya za wenzako, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kushona, sio baada ya kulalamikiwa.

Ila nikuambie kitu kuhusu ile tarizi. Ukiichukua nakshi ya mlango ukaibandika kifuani, utapata gauni lenye picha ya mlango. Tazama mlango unafanya nini. Ule ubao wa katikati, mfaa, umepigiliwa kwenye ubawa mmoja ili mlango ukifungwa uzibe mwanya wa mbawa mbili. Kazi hiyo hiyo ndiyo inayofanywa na ukanda wa vifungo mbele ya gauni! Kwa hiyo tarizi isambae kwenye ukanda huo tu, imara na yenye kujaa, pande mbili zibaki wazi kama mbao za mlango, na nakshi ya minyororo ya fremu ipande kuzunguka shingo na kushuka kwenye pindo. Atakayelivaa huenda asijue limetoka wapi, lakini litakaa sawa machoni pake.

Wateja wanaosema "hivi hivi" usiwafukuze. Hao ndio kodi ya chumba. Kunakili mshono wa mtu ni shule vilevile, mkono unajifunza. Mteja akikuletea picha, muulize ni kitu gani hasa kilichompendeza. Mara nyingi ni kimoja: shingo, au namna kiuno kilivyobana. Kitunze hicho, kisha mwombe ruhusa ubadilishe kingine kimoja umfae yeye. Atakayekataa, mshonee alivyotaka, kwa moyo safi. Pembeni, kila mwezi shona nguo moja ya kwako, kwanza kwa amerikani ya bei nafuu au masalio ya vitambaa. Sitakuficha: nguo hizi zitauzika polepole mwanzoni, nyingine hazitauzika kabisa, kwa hiyo usiingize humo fedha ya chakula wala ya kodi.

Kuna suala la usingizi. Graham Wallas, mwaka 1926, aliielezea kazi ya kubuni kwa hatua nne: kukusanya, kuacha jambo litulie, wazo kuzuka, kisha kulipima. Wewe hatua ya pili umeifuta kabisa, unakusanya mpaka saa saba na alfajiri uko kwenye cherehani. Funga simu saa tatu. Kama macho yanakuuma au kichwa kinagonga ukishona, nenda ukapimwe macho, maana fundi wengi hudhani wamechoka na kazi kumbe wanahitaji miwani.

Na kama si mishono tu iliyopoteza ladha, nataka unisikie vizuri. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi chakula hakikuvutii, hutaki watu, unaamka usiku wa manane huku moyo mzito, unajiona huna thamani, hayo si ya penseli na mkeka. Hayo ni ya daktari, na yanatibika. Nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Bombo, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Ukifikia kuwaza kujidhuru, usilale nalo. Mwambie ndugu akupeleke siku hiyo hiyo.

Kwa upande wa kazi, barua haiwezi kukushika mkono. Ukikwama kwenye kukata pateni, VETA wana walimu wa ushonaji, na ofisi ya SIDO ya mkoa itakusaidia upande wa biashara na vifaa. Ila kabla ya hao wote mtafute mama anayesuka mikeka, huko kwenu hawakosi. Mlipe muda wake, uketi naye asubuhi moja, umwombe akufundishe kuanzisha ukili kwa mikono yako mwenyewe, na umwulize anaamuaje rangi ya pili iingie wapi. Jibu lake liandike kama alivyolisema.